Mshahara Usiotajwa

Tlawi, Mbulu
4 Februari 2024

Mwanangu Jenifa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Mimi sijambo, Nicodemo hajambo, mke wake Helena hajambo, na watoto wao watatu wanakula kama nzige. Yule ng'ombe mwekundu kazaa dume. Tumesikitika kidogo, lakini maziwa yapo. Mahindi yamefika magotini. Maharage mvua imeyapiga vibaya, Mungu atajua la kufanya.

Nicodemo alinisomea ujumbe wako kwamba umepata kazi kwenye kiwanda cha rangi huko Dar es Salaam. Weee! Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwenye mahindi. Jumapili padri alikutaja kanisani: daktari wa kemia wa kwanza kutoka kigango chetu. Tulipotoka misa mama mmoja akanifuata na mguu wake umevimba, anauliza unakuja lini. Nikamwambia, mama, huyu wetu hatibu watu, anatibu kuta. Amenuna mpaka leo.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Simu ni ya Nicodemo, naye hajui kuongea nayo bila kuweka sauti nje. Nikikohoa, ng'ambo ya bonde wananiambia pole. Halafu mimi nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, Nicodemo yuko mgongoni. Siwezi kuuacha mwandiko wangu ufe hivi hivi. Nicodemo ataipeleka Mbulu mjini kwa Bonaventura, yule kondakta wa basi, na wewe utaichukua kwake stendi.

Macho yangu ni yale yale. Daktari wa macho amerudia wimbo wake: presha ya macho haiumi, inaiba tu, na kilichoibiwa hakirudi. Tone kila jicho, asubuhi na jioni, nisiruke hata siku moja. Chupa ya mwezi huu ninayo, ni kutokana na ile laki uliyotuma ulipokuwa bado mwanafunzi.

Mshahara wako sikuulizi. Unajua nilivyokulea tangu kaka yangu Felician, baba yako, alipotutoka. Babu yako aliweka ng'ombe wake kwenye miji ya watu, huyu wawili, yule watatu, mpaka kule Gehandu kwa wafugaji, wanywe maziwa wamtunzie mifugo. Mimi binti yake sikuwahi kujua ni wangapi. Mtu mwenye heshima hataji alicho nacho wala anachokitaka. Ukae na mshahara wako kimya, mwanangu, hata mimi usiniambie.

Ni mimi shangazi yako,
Agatha


Gongo la Mboto, Dar es Salaam
3 Machi 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, imenukia moshi wa jikoni kwako, nikakaa nayo muda mrefu kabla ya kuifungua. Nisalimie Nicodemo na wifi Helena na hao nzige wao. Huku joto ni kali, usiku nalala na kitambaa chenye maji kifuani.

Kazi ni nzuri. Nina koti jeupe na meza yangu dirishani. Tunapima rangi, tunaangalia kama itabanduka, kama jua litaichuja. Kuna kijana tunafanya naye kazi, anaitwa Patriki, ni mcheshi, ananiita Dokta kila baada ya neno moja. Wengine nao wananiita hivyo, hata mlinzi getini.

Nimetuma elfu hamsini kwenye simu ya Nicodemo. Najua ni pungufu ya ile ya zamani. Mwezi wa kwanza una mambo mengi, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na nilikuwa sina hata godoro. Mambo yatakaa sawa. Naomba uniambie ukweli, Shangazi, inatosha dawa na nauli ya kwenda kliniki? Kama haitoshi useme.

Mwanao,
Jenifa


Tlawi
28 Aprili 2024

Mwanangu Jenifa,

Habari za joto? Sisi huku tunaota moto mchana. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya Kwaresima, halafu Pasaka, halafu palizi, halafu uvivu. Chagua mwenyewe. Bonaventura naye alipita mara mbili barua haijaisha.

Helena alikuwa na homa, amepona. Dume la ng'ombe mwekundu limekua na ukorofi wake, limemwangusha Nicodemo kwenye tope, tumecheka mpaka basi. Kitunguu saumu mwaka huu kina bei, ila sisi tulipanda kidogo.

Hela niliipata, asante, Mungu akuzidishie. Dawa zipo. Nimegundua kwamba chupa ya mwezi mmoja inaweza kwenda miezi miwili mtu akiwa mwangalifu. Hawa wa duka la dawa wanapenda tu kutuuzia. Kliniki sikwenda mwezi wa tatu, njia ilikuwa mbaya, bodaboda zinateleza.

Nikolausi wa dukani amenichokoza mbele ya watu: "Mama Nicodemo, daktari wenu analipwa milioni ngapi huko? Bati mpya tutaziona lini?" Nikamwambia, wewe pima sukari yako, ya kwetu yaache. Lakini mwanangu, nisikudanganye, moyoni nilifurahi. Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu mwenye jambo lake.

Wewe jenga maisha yako kwanza. Sisi tulikwisha kujenga yetu, hata kama yanavuja.

Kama mwandiko umekuwa mkubwa ni kwa sababu ya kalamu hii, inaandika vibaya.

Shangazi yako,
Agatha


Dar es Salaam
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru kusikia wifi amepona. Mwambie Nicodemo pole ya tope, nilimwona kabisa, nikacheka peke yangu kwenye basi watu wakanitazama.

Shangazi, si kalamu. Mistari yako inapandiana. Kuna mahali umeandika neno juu ya neno jingine, nimeipeleka karatasi mpaka dirishani sikuweza kulisoma. Nimepiga simu mara tatu, na mara zote umeniambia "sijambo, sijambo" huku nasikia sebule nzima inaitikia. Na hiyo chupa ya miezi miwili imenikosesha usingizi. Nimesoma kemia miaka kumi na moja na sijui tone linavyoweza kuwa nusu. Unafanyaje? Niambie.

Nimetuma elfu arobaini. Nisamehe. Mwezi huu kuna mambo yamenibana, nitakueleza siku moja. Usiuze kitu. Usikope kwa mtu. Mwezi ujao nitajitahidi.

Jenifa


Tlawi
7 Julai 2024

Wifi yangu Jenifa,

Hujambo? Ni mimi Helena. Hii nampa Bonaventura mwenyewe, Mama hajui. Amenikataza kukwambia, lakini nimeshindwa.

Mama anatia dawa jicho la kulia tu, tangu mwezi wa tatu. Anasema la kushoto limezeeka, acha lipumzike, tukitia yote mawili hela ya Jenifa haifikishi mwezi. Nicodemo alitaka kuuza dume, Mama akakataa, akasema utasikia na utaona aibu. Juzi amemimina uji pembeni ya kikombe, ukamwagika mezani wote, akamgombeza mtoto kwamba amesogeza kikombe. Mtoto hakusogeza kitu.

Anasema unajenga maisha, tusikusumbue. Wifi, kama hela ipo, tuma sasa. Kama haipo, sema haipo, tujue.

Helena


Dar es Salaam
14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, utanisamehe. Nimejua habari ya jicho la kushoto. Usimgombeze aliyeniambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia hivyo tukificha vidonda vya miguuni.

Nimetuma laki tatu. Nimekopa kwa Patriki. Kesho Nicodemo akupeleke kliniki, akodi gari, usipande bodaboda.

Na sasa nakutajia, hata kama ulinikataza. Mshahara wangu ni laki sita na nusu. Ukitoa kodi ya serikali, na mfuko wa uzeeni, na Bodi ya Mikopo wanaodai ile digrii yangu ya kwanza, naingia nyumbani na laki nne na nusu. Nilipokuwa mwanafunzi wafadhili walinipa laki tisa kwa mwezi. Nimekuwa daktari, nimekuwa maskini. Patriki ana digrii moja tu, mimi ndiye ninayemwelekeza kazi, na yeye anapata milioni.

Utauliza imekuwaje. Siku ya usaili meneja aliniuliza, "Dokta, unatarajia mshahara wa kiasi gani?" Shangazi, nilisikia aibu kana kwamba ameniambia nivue nguo. Nikainamisha kichwa kama nilivyofunzwa nikasema, "Chochote mtakachoona kinafaa, nitashukuru." Akaandika kitu kwenye karatasi, akatabasamu, akanipa mkono. Nikadhani ameipenda adabu yangu. Patriki anasema yeye alitaja milioni moja na laki mbili bila kupepesa macho, wakabishana, wakampa milioni. Ananicheka, anasema, "Dokta, kwani wewe ulikuja kuomba maji ya kunywa?"

Sikukwambia kwa sababu padri alinitaja kanisani. Ningekwambiaje kwamba yule wa kwanza wa kigango analipwa kama msichana aliyemaliza chuo jana? Nilisubiri nipandishwe kwanza. Kumbe nilikuwa nasubiri kwa gharama ya jicho lako.

Nisamehe, Shangazi.

Jenifa


Tlawi
8 Septemba 2024

Mwanangu Jenifa,

Mkono huu ni wa Helena, maneno ni yangu. Akikosea herufi mlaumu yeye, alikuwa anachora maua darasani. Hapa anacheka, lakini ameandika.

Tumevuna. Mahindi magunia tisa, si haba. Dume limeuzwa, Nicodemo aliamua, sikubishana naye. Watoto wanakusalimu.

Kliniki tulikwenda mara mbili. Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limebaki kidogo. Naona mlango ukiwa wazi na jua limepiga, na mtu akisimama pale naona kuna mtu, ila simjui mpaka aseme. Daktari alimtazama Nicodemo, hakunitazama mimi, akasema tungekuja miezi sita iliyopita angeniachia macho yote mawili. Matone sasa ni ya kulinda hicho kilichobaki.

Usilie. Najua unalia. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao watatu, huyo wa nne simhitaji, wala wewe usimlee.

Mimi nilidhani hela unayo, ila unajenga. Nikasema mtoto akianza maisha asivutwe miguu. Wewe ulidhani dawa ninayo. Tumetunziana heshima, mwanangu, na tazama heshima ilivyotufanya.

Hili la meneja limeninyima raha kuliko jicho. Nilikufundisha kunyamaza nyumbani, juu ya mali iliyolala. Lakini mtu akiswaga ng'ombe mpaka mnadani anataja bei. Asipotaja, dalali atataja yake. Hilo kila mtu wa huku analijua, na mimi sikukuambia, kwa sababu mnadani walikwenda babu yako na baba yako, sisi wanawake tulibaki tunakamua. Nilikupa nusu ya adabu. Nusu nyingine sikuwa nayo.

Sasa nenda kwa huyo mtu. Usiiname. Taja.

Shangazi yako,
Agatha
(nimetia sahihi mwenyewe, Helena kanishika mkono)


Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiona sahihi yako. Nimeikata nikaiweka kwenye pochi yangu. Hongera kwa magunia tisa. Huku mvua za vuli zimeanza, barabara yetu imekuwa mto, natembea na viatu mkononi.

Nimekwenda kwa meneja. Sikuinama. Nilivaa lile gauni la mahafali, nikakaa bila kuambiwa kaa, nikataja. Wamekubali kuniongeza kuanzia mwezi wa kumi na moja. Inatosha dawa, inatosha kliniki, na ya kumlipa Patriki itabaki. Usihofu tena habari ya chupa. Tia matone yote, asubuhi na jioni, mengine yatiririke hata mashavuni.

Nitakuja Krismasi. Tutakaa mlangoni juani, nikwambie kila anayepita.

Mwanao,
Jenifa


(karatasi ya pili)

Wifi Helena,

Hii ni yako peke yako. Usimsomee. Ukimaliza itie motoni.

Nilipotaja mshahara ninaoutaka, milioni moja na nusu, meneja alicheka kidogo, akatoa faili langu. Akanionyesha karatasi ya bajeti ya mwaka jana. Nafasi yangu ilitengewa milioni mbili na laki moja, imeandikwa kabisa, kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu. Ilikuwepo kabla sijaingia mlangoni. Akasema, "Dokta, ulituambia chochote. Sisi tungefanyaje?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenieleza ratiba ya basi. Sasa wanaanza kunilipa yote.

Nilikaa pale pale nikapiga hesabu, wifi. Tofauti ya mwezi mmoja tu ingenunua matone ya mwaka mzima, macho yote mawili, na nauli juu. Mwezi mmoja. Nimekaa miezi tisa.

Shangazi asijue. Akijua hela ilikuwepo atajilaumu yeye, si mimi, namfahamu. Mimi nitakaa nayo hii.

J.


Tlawi
17 Novemba 2024

Wifi yangu Jenifa,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, isipokuwa haya nitakayokwambia. Nisamehe kabla sijaanza.

Barua yako nilimsomea Mama Jumamosi, tumekaa nje tunachambua maharage. Ile sehemu ya kutokuinama alinifanya nirudie, akapiga magoti yake kwa viganja, akasema, "Huyo ndiye!" Nilipomaliza nikakunja ile karatasi ya pili nikaitia mfukoni. Akauliza, "Hiyo nyingine mbona huisomi?" Nikamwambia ni salamu zangu tu, mambo ya wasichana. Akasema, "Helena, nimepoteza macho. Masikio sikupoteza. Karatasi ya salamu haikunjwi kwa mikono inayotetemeka."

Wifi, sikuweza kumdanganya. Nimeolewa hapa miaka tisa, hajawahi kunidanganya mimi, labda kwa habari ya lile jicho. Nikasoma yote.

Akaniambia nirudie ile namba. Nikarudia. Akasema tena. Mara ya tatu akaisema pamoja na mimi, polepole: milioni mbili na laki moja. Halafu akasema, "Kumbe watu baki walishajua kiasi chake, wakakiandika. Aliyemfundisha kwamba hakitajwi ni mimi." Akalia, wifi. Sijawahi kumwona akilia, hata mumewe alipokufa hakulia mbele yetu. Watoto waliacha kucheza wakaja kumshika nguo.

Tangu siku ile amekataa matone. Hasemi kwa hasira. Anasema ameona vya kutosha, hela hiyo ikae kwako ujenge. Nicodemo amembembeleza, padri amekuja, hataki. Jana asubuhi nilimshika kichwa kwa nguvu nikamtia, akafumba jicho, dawa ikamwagika shavuni. Nilimgombeza mama mkwe wangu, mimi, Mungu anisamehe. Hela uliyotuma ipo, chupa mbili zipo juu ya kabati, hazijafunguliwa.

Leo asubuhi alikuwa amekaa mlangoni. Nimepita mbele yake mara mbili makusudi, bila kusema kitu. Mara zote mbili hakuuliza ni nani, na zamani kivuli tu kikipita huuliza.

Wifi, usisubiri Krismasi. Hela usitume tena, tunayo. Njoo wewe. Panda basi la kesho.

Helena